Nimeitwa mhuni kwenye darasa la mjukuu wangu

Leo nusura nifukuzwe darasani, na mvi zangu hizi.

Mjukuu wangu Mwanaisha, ustadha wa pale Nangurukuru, alikuwa mubashara mtandaoni akifundisha kusoma Kurani.

Nikamwandikia: "Mke wangu, leo umependeza."

Utani wa babu na mjukuu huo. Kwetu Kilwa nani asiyeujua?

Kumbe wanafunzi wake wa mbali hawaujui.

"Mzee, muogope Mungu."

"Ustadha, mtoe huyo mhuni."

Nikaingiwa hofu kweli. Akinitoa nitasomea wapi? Madrasa nikakae na watoto?

Mwanaisha akacheka. "Jamani, huyo babu yangu. Haya mume wangu, washa kamera utusomee Alhamdu."

Nikasoma, sura ile ile ya kila swala. Kanisahihisha mara tano, watu wote wanasikia.

Sasa nyie niliowahi kuwasalisha, msiniulize kitu.