Noreen na Ukuta wa Bwana Thrale

Alhamisi, 14 Machi 2019. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na upepo wa kuvunja miavuli.

Noreen Sugden, mpishi wa nyumba ya wazee mjini Halifax, aliingia darasa la jioni viatu vikichuruzika maji. Alitaka kusomea uuguzi, na chuo kisingempokea bila kufaulu Kiingereza. Jioni hiyo Mwalimu Pickersgill alikuwa anaamua nani aandikishwe kwa mtihani wa Juni.

Insha yake juu ya riwaya ya darasa ilirudi imejaa wino mwekundu.

"Noreen, umemsengenya Bwana Thrale kurasa tatu nzima."

"Si anastahili? Tajiri wa kiwanda, ana binti mmoja tu, anamzungushia ukuta kama kuku! Angekuwa jirani yangu ningemshtaki kwa baraza la mji."

"Si jirani yako. Ni mhusika, amebuniwa. Na ukuta ule ni ishara."

"Ukuta ni ukuta, Mwalimu."

Beryl, mwenzake wa dawati, aliangua kicheko. "Mwache, Mwalimu. Jana kwenye basi alikuwa anamtafutia yule binti mchumba!"

Noreen hakucheka. Kwenye mtihani kitabu hakiruhusiwi, kwa hiyo nukuu za riwaya ile nene ya zama za Malkia Viktoria alikuwa amezibandika kwenye friji na hata chooni, mpaka mumewe Clifford akawa anazikariri akinyoa ndevu. Na bado watu hawa wanadai ishara! Moto ishara, mvua ishara, hata mbwa wa watu hawezi kubweka bure.

"Basi huyo mwandishi naye ana wazimu gani?" alifoka. "Binti akicheka, Thrale anaongeza safu ya mawe. Akiimba, mawe. Mpaka baba mwenyewe anakosa mwanga wa kusomea gazeti! Tumeshaelewa, anajifungia mwenyewe. Atuache tupumue!"

"Liandike hilo," Mwalimu alisema.

"Lipi?"

"Hilo unalolalamikia. Nani anayeyapanga hayo mawe?"

"Mwandishi, nani mwingine!"

"Haya. Andika."

Aliandika kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi. Mwalimu alisoma akiwa amesimama, akafuta pale alipomwita Thrale nguruwe, akaguna.

"Sasa humsengenyi Thrale, unaeleza mwandishi anavyoutumia ukuta. Umepita kwenye tundu la sindano. Nitakuandikisha."

"Ungesema hivyo tangu Septemba, nisingeharibu friji."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuwakaangia wazee mayai, Noreen alimwomba msimamizi wake ruhusa ya siku ya mtihani.