Saa ya Kuzamia ya Bazilio wa Mabamba

Bazilio wa Mabamba ni mtu mwema, ila ukitaka kumjua vizuri, chelewa. Mwaka jana familia ya Mzee Pasikali, kutoka ng'ambo ya mpaka, ilikuja kumposa Divine, binti wa Bazilio. Waliahidiana saa nne asubuhi. Wageni wakafika saa tano, wamependeza, wamebeba pombe ya ndizi, wakakuta viti vimerudishwa ndani na mwenye mji kaenda shambani makusudi.

Kumbe kwao ilikuwa saa nne kamili. Saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na hilo Mabamba nzima inalijua, Bazilio akiwemo, maana huvuka kila juma kuuza unga wa muhogo. Alijua, akakaza kichwa: anayekuja kuomba afuate saa ya anayeombwa! Divine alilia mpaka macho yakavimba. Hakumgombeza baba yake. Aliacha tu kucheka naye, na hilo lilimuuma Bazilio kuliko matusi.

Mwaka huu, baada ya wazee kwenda na kurudi sana, Pasikali alikubali kujaribu tena. Jumamosi, saa nne, na asipopokelewa basi, harudi. Bazilio akaona dawa ni saa ya mkononi. Akapanda gari na mkewe Esteri hadi Kibondo mjini, dukani kwa Nurudini.

Nurudini akaweka mbili juu ya kioo. "Hii ya msafiri, mzee wangu. Huu mshale unasoma saa ya hapa, huu mwekundu saa ya uendako. Na hii ni ya wazamiaji. Unashuka nayo mpaka chini ya bahari, haiingii tone."

Ya msafiri ilikuwa nyembamba, ya adabu. Ya mzamiaji ilikuwa nene, nzito, ina pete ya kuzungusha inayolia tik-tik. Bazilio akaizungusha. Akaizungusha tena. Esteri akajua mambo yameshaharibika.

"Baba Divine, utazamia wapi?"

"Mikono yangu inashinda kwenye shimo la kulowekea muhogo. Saa ya kawaida itaoza."

"Shimo lenyewe linakufika magotini!"

"Maji ni maji."

"Yenye mishale miwili inasoma kwetu na kwao, ndiyo shida iliyotuleta. Hiyo nene utaiweka ya wapi?"

Bazilio akatia pamba masikioni. Nurudini akakohoa, akatazama barabarani.

Walirudi na ya mzamiaji, kaivaa mkono wa kulia, maana ndio wa kusalimia na saa mpya haifichwi. Njia nzima alijikuna shavu lisilowasha. Lakini swali la Esteri lilimkaa rohoni. Jioni, peke yake nyuma ya nyumba, aliukumbuka uso wa Divine, akaona aibu. Akavuta kitufe cha pembeni, akairudisha saa nyuma mpaka ikawa ya Burundi. Hakumwambia mtu, kuomba radhi kwa mdomo hajawahi kujua.

Jumamosi Esteri alimhimiza akaoge. Yeye akaonyesha saa yake: bado mapema mno. Akashuka bondeni kutoa muhogo uliolainika, kaptula imekunjwa, mikono majini hadi viwikoni, ananuka kama shimo lenyewe.

"Mwakeye, Mzee Bazilio!"

Akainuka aitikie salamu. Ukingoni alisimama Pasikali na suti yake, na pembeni Divine aliyemleta, kajiziba mdomo kwa kiganja. Saa ya Bazilio ilisema saa tatu.

"Mmewahi," alisema kwa unyonge.

"Ni saa nne," akajibu Pasikali. "Saa nne ya kwenu. Niliisogeza yangu mbele kabla ya kuvuka, nisije nikakuta viti viko ndani tena."

Kwetu mwenye mkono mchafu hatoi kiganja, hutoa kifundo cha mkono. Bazilio akanyoosha kifundo cha kulia. Pasikali akakishika, akakutana na chuma kinene, akapangusa rojo la muhogo kwa kidole gumba. Akasoma. Akaitazama ya kwake, akasoma tena ile, na kifundo hakukiachia.

"Uliiweka ya kwetu," alisema polepole.

Bazilio akaitikia kwa kichwa. Aliyecheka ni Divine, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu mwaka jana, akateremka shimoni na gauni lake jipya kumtoa baba yake majini.