Kiondo Kilichokula Sweta

Enzi zetu, mwalimu akisema leta kiondo Ijumaa, alikuwa anakuambia wewe, si mama yako. Siku hizi mtoto anapewa kazi ya ufundi, anatupa begi kwenye kochi, anauliza rimoti iko wapi, na mzazi ndiye anayezunguka mjini akitafuta gundi na karatasi za rangi. Mimi mwenyewe nimezunguka hivyo, na hasira yangu haijaisha.

Kwetu Kilungu, miaka ya themanini, hakukuwa na habari ya kununua. Sweta ikichakaa viwiko, mama aliifumua, akazungusha nyuzi ziwe madonge, akazitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Kufuma kwa sindano hatukujua wala hatukujali. Vipande vifupi tuliviunga kwa mafundo, tukavisuka kwa vidole kwenye kamba za mkonge tulizosokota pajani mpaka ngozi ikawaka moto.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wa ufundi alitangaza kwamba asiye na kiondo Ijumaa asikanyage darasani. "Nikishaweka alama, kila mtu ataenda na chake nyumbani," akasema. Hapo nikapata wazo. Kiondo cha mama kilikuwa kimetoboka chini. Akitoka sokoni, viazi vidogo vilidondoka njiani, nami nyuma naviokota kama kuku. Nilitaka changu kiwe chake.

Jumatano nikaishiwa na uzi wa bluu. Mkebe mtupu. Sweta yangu ya shule ilikuwa bluu. Nikajiambia, mistari miwili tu, nani ataona? Nikakata uzi mmoja juu ya pindo, kipande cha chini kikaachana, nikakifumua. Hakikutosha. Alhamisi nikakata tena. Kufikia Ijumaa asubuhi kiondo kilikuwa kimekamilika na sweta imepanda mpaka kitovuni, na ilikuwa Julai, ile baridi ya Kilungu ambayo hata ng'ombe hukataa kutoka zizini.

Mama akanitazama. "We Mumbua, hiyo sweta imekuliwa na nini?"

Nikamwonyesha kiondo, nikamwambia kikirudi ni chake. Alikuwa ameshashika fimbo, akaiweka chini.

"Haya. Utakaa na baridi yako mpaka Desemba."

Lakini alikigeuza kile kiondo, akavuta mishikio kuona kama itahimili viazi, akatabasamu akidhani simwoni.

Nilipata alama nzuri sana. Kiondo hakikurudi. Kila nilipouliza, mwalimu alisema bado anasahihisha. Muhula ukaisha akisahihisha.

Tulikiona mjini Sultan Hamud siku ya soko, begani kwa mke wa mwalimu, kimejaa sukuma wiki. Nikafungua mdomo, mama akanifinya mkono. Mwalimu hakusemwa vibaya siku hizo, na huyu mama tulikuwa tunaimba naye kanisani.

"Kiondo kizuri, Mama Mwalimu," mama akasema. "Nani alikusukia?"

"Hiki? Aii, nilijisukia tu mwenyewe."

"Basi utanifundishia huyu wangu. Yeye akisuka, vinapotea."

Yule mama akaitazama sweta yangu, akakitazama kiondo. Rangi ni ile ile. Akasema gari linamwacha, akaondoka mbio. Tukarudi Kilungu mama ameshika kiondo chake kuukuu kwa chini, kiganja kikiziba tundu. Mimi nililia njia nzima kwa hasira.

Baadaye nilimsukia vingine, vizuri zaidi, lakini hakuna hata kimoja kilichofanya nipigwe na baridi namna ile. Juzi shule ilirudisha kazi ya mwanangu, kikapu cha kadibodi nilichokibandika mimi, kikapata alama zote. Jumatatu nikakikuta kwenye takataka. Walimu wa sasa ni waaminifu, nawapongeza, lakini nani angeiba kitu kile? Sisi tulitengeneza vitu vya kuibiwa. Mama hayupo tena, nami ni mtu mzima mwenye miwani, na bado nakitaka kile kiondo chake cha bluu.