Ukuta wa Jikoni na Isale la Shemeji

Ukuta ukitoka jasho, usikimbilie saruji. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, na nani anayaleta.

Jiko langu ni la matofali ya udongo, aliyafyatua marehemu mume wangu. Masika haya ukuta wa upande wa mlima ulianza kulowa chini, plasta ikavimba kama andazi. Ukiigonga inalia debe tupu. Kabla sijamwambia mtu, binti yangu akapiga simu kutoka Moshi mjini.

"Mama, baba mdogo anasema hiyo nyumba itakuangukia. Shuka uje ukae kwetu."

Baba mdogo wake ni shemeji yangu. Kihamba chake, shamba la migomba la urithi, kiko juu, changu chini. Jikoni kwangu hajaingia tangu Krismasi. Huo ukuta kauonea wapi? Na mimi nikishuka mjini, migomba, kahawa na kaburi la mume wangu vitabaki na nani? Majina ya wote waliohamishwa kwa huruma hapa Kibosho ninayo kichwani. Siyaandiki, maana bado tunazikana.

Fundi niliyemwita alitaka kupiga plasta mpya. Nikamwambia huwezi kufunga kidonda chenye usaha. Nikachukua pumba za mpunga ninazowatandikia kuku, zile zinazotoka Mabogini. Wingu lilipofunga, nikazimwaga kwenye mtaro wa mvua, pale unapotoka barabarani na kuingia kwa shemeji. Mtaro ule ulipaswa kupita pembeni ya vihamba vyetu hadi korongoni.

Mvua ilipokatika, pumba zilikuwa zimejipanga chini ya ukuta wangu. Nikazifuata kupanda juu, taratibu, magoti yakilalamika, hadi kwenye udongo mbichi uliofukia mtaro. Katikati ya mtaro palisimama mgomba mchanga.

Shemeji akatokea na panga lake.

"Shemeji, umekuwa askari wa mvua?"

"Mgomba wako umejifunza lini kuogelea?"

Akacheka. "Aa, pale pana mbolea nzuri."

"Na ukuta wangu umeupa mbolea gani?"

"Maji yana njia zake, shemeji. Mzee kama wewe ungepumzika tu mjini."

Nikamwacha na kicheko chake. Jumapili, baada ya misa, nikawaeleza wanawake wenzangu habari za pumba zangu, kwa sauti ya kutosha mke wake asikie.

Kesho yake asubuhi shemeji akaja mlangoni na isale mkononi, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Kwetu Uchaggani, anayekuja na isale kuomba msamaha hafukuzwi. Ukilipokea, neno limekwisha, hulifufui tena. Nikamtazama usoni, nikatazama mikono. Haikuwa na tope. Hajagusa mtaro bado! Anataka nisamehe kwanza, halafu mvua inayofuata nitafungua mdomo gani?

Nikaliangalia lile isale. Desturi ni jani, unalifunga fundo. Yeye kwa haraka zake alikata tawi zima, na shina lake.

"Nimelipokea, shemeji," nikasema. "Yameisha. Sasa nifuate."

Nilibeba jembe. Nikapanda hadi ukingo wa mtaro wa upande wake, kandokando ya mgomba, nikachimba, nikalichomeka isale na kulishindilia kwa mguu. Isale likishapandwa ni mpaka, na mpaka haung'olewi.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naitunza amani yako isinyauke. Sasa wewe angalia, mgomba uko upande gani?"

Akanyoosha mkono. "Lete hilo jembe."

Alichimba mwenyewe, nami nikasimama hapo hapo hadi mtaro ukaonyesha mkondo wake wa zamani. Mgomba akauhamishia kwake.

Plasta sijapiga bado. Nimebandua ile iliyovimba ili udongo upumue, na kila asubuhi naweka kiganja ukutani. Unakauka. Binti akiuliza nashuka lini, namwambia nina kazi. Nikitoka kukata majani ya ng'ombe, napitia kule juu kwanza, kuona kama isale limesogea.