Shimo la Makumbi na Mikono ya Majirani

Mama yangu alikuwa na shimo baharini. Mimi nilikulia Majengo, Pumwani, ambako shimo ni kitu cha kuruka mvua ikinyesha usije ukavunjika mguu, kwa hivyo tangu utotoni sikumwelewa. "Shimo langu," alikuwa akisema, kama wengine wanavyosema ng'ombe wangu. Nikimuuliza mtu anamilikije shimo ambalo bahari hulifunika kila ikijaa, ananiambia niende nikachote maji.

Shimo lenyewe lilikuwa mikononi mwa nyanya, mama yake mama, kijijini kwao pwani ya kusini. Maji yakipwa, wanawake wa huko walichimba kwenye tope la ufukweni, wakafukia makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi, wakayakandamiza kwa mawe. Yakishakaa miezi yakaoza sawasawa, wanayafukua, wanayatwanga, wanasokota kamba. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na mama humwachia binti yake. Nyanya alikula kwa kamba hizo na kumlea mama kwa kamba hizo. Nilipelekwa mara moja nikiwa mdogo nikaonyeshwa. Astaghfirullah, ile harufu! Nilitapika mbele ya wanawake wote, na nyanya akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu ndiye atakayerithi," akasema.

Miaka ya themanini ilipoanza, mimi nikiwa karani wa kupiga taipu mjini, tukasikia kwamba kuna mpango wa pwani. Wapimaji walikuwa wamepita kijijini na vyuma vyao, wakapima, wakaondoka bila kumuuliza mtu neno. Halafu tukaambiwa wananchi watatoa maoni. Wapi? Pumwani, katika ukumbi wa mtaa wetu, Jumamosi mchana! Eti watu wengi wa kijiji kile wanafanya kazi Nairobi, na wao pia wasikizwe. Nilifikiri ni mzaha. Bahari iko kule, watu wake wako kule, na mkutano uko nyuma ya soko letu la mitumba. Nilimuuliza mama kama naye haoni ajabu, akasema ajabu anaiona, lakini ataenda.

Alikuwa na wasiwasi mwingi. Kamba za nyanya ndizo zilizomfanya bibi yule asiwe mzigo wa mtu, na pwani ikifungwa hangekuwa na kazi nyingine. Basi mama akavaa buibui lake akaanza kupita kwa majirani.

Lazima niseme vile tulivyoishi, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinaponichanganya. Mlango wa kulia alikaa mama mmoja muuza mboga, mtu wa kanisa, kutoka upande wa Murang'a. Mlango wa kushoto alikaa mzee wa kazi ya reli, Mluhya, naye mtu wa kanisa. Idi walikula kwetu, Krismasi tulikula kwao. Mmoja akifiwa, ploti nzima inaenda, na hakuna anayeuliza marehemu aliugua nini.

"Wanataka kutuharibia pwani yetu," mama aliwaambia. "Njooni Jumamosi mnishike mkono. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi niko huku peke yangu."

"Tutakuja, dada yangu," alisema muuza mboga. "Na hao watatujua."

Habari za shimo mama hakuwaambia. Nilimwona alivyosita mlangoni. Nadhani aliona haya kumwambia mwanamke msafi kama yule kwamba mali ya kwao ni tope linalonuka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu wa kijijini kwetu walikuwa wachache, kwa kuwa wengi walikuwa kazini au waliona kama mimi, kwamba baraza la bahari katikati ya Nairobi ni upuuzi. Waliojaa ni majirani: wauza mboga wenzake yule jirani, mafundi, vijana wawili watatu wa reli. Wote walikuja kwa ajili ya mama. Nilijisikia fahari, kusema kweli.

Afisa aliyekuja alikuwa kijana mpole mwenye ramani kubwa. Akatueleza kwamba samaki, mikoko, hoteli na vijiji sasa vitapangwa pamoja, si kila idara kivyake. Nilimpenda. Akaonyesha kijiji chetu. Mahali pa mashimo pameandikwa "tope" na hakuna kingine. Akasema bahari inakula ardhi pale kidogo kidogo, na kuna njia mbili. Ya kwanza, ufuo uachwe wazi, mikoko ipandwe, watu waendelee kupita. Ya pili, ujengwe ukuta wa mawe. Wananchi waseme.

Mama alikuwa amejiandaa kusema. Siku hizo zote nilikuwa nikimsikia jikoni akijizoeza, akiongea na sufuria. Lakini kabla hajainuka, muuza mboga alikuwa ameshasimama.

"Mimi sijawahi kuona hiyo bahari," alisema, "lakini huyu mama ni kama dada yangu. Kwetu mvua ikikula shamba tunachimba matuta, hatuketi tukiangalia. Sasa bahari inakula shamba ya mama yake na nyinyi mnauliza kama mjenge? Si mjenge! Tena kitu haina ua, kila mtu anasema ni yake."

Makofi! Mzee wa reli naye akasimama. "Hata tuta la reli linashikwa na mawe," akasema. "Yule mama mzee ajengewe ukuta, na uwe mrefu." Makofi tena, na vigelegele juu.

Nilimgeukia mama. Uso ulikuwa umemshuka. Nikamwambia, "Simama useme!" Akainuka nusu. Muuza mboga akageuka, akamwona, akamtolea tabasamu kubwa la mtu aliyekuletea zawadi. Mama akakaa.

"Wanaotaka ukuta?" afisa akauliza. Mtu mmoja wa kwetu akanung'unika kwamba wengine hapa si wa pwani. Afisa akajibu kwamba wote ni wananchi. Mikono ikainuka safu kwa safu. Halafu, wallahi, nikaona mkono wa mama nao unatoka ndani ya buibui, unapanda polepole.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza. Watu wameacha biashara zao kwa ajili yangu."

Jioni walikuja kwetu kunywa chai. Mama alikaanga mahamri, akawashukuru mmoja mmoja, na muuza mboga akamkumbatia akilia kwa furaha. Mimi nilisimama na birika mkononi nisijue nimkasirikie nani. Afisa aliuliza, hakulazimisha. Majirani walisema kwa moyo mweupe. Mama alikuwa na mdomo, akaufunga. Nimeyapinduapindua haya kichwani miaka na miaka na bado sipati pa kushika.

Ukuta ulijengwa. Tulipokwenda kumwona nyanya tukaukuta umesimama, mawe yamepangwa vizuri, bahari inagonga upande wa pili. Msingi ulikuwa umepita juu ya mashimo yote, na la nyanya lilikuwa na makumbi ya msimu mzima ndani yake, yaliyokaribia kufukuliwa. Harufu haikuwapo tena. Sikutegemea kwamba ningeitafuta, lakini niliitafuta.

Nyanya alitupeleka mwenyewe. Aliugusa ukuta kwa kiganja, mkono ule uliochubuka kwa kamba.

"Kazi nzuri," alisema. "Huu hauanguki. Walituambia wananchi wameuomba. Nimezunguka kijiji kizima nikiuliza, sijampata aliyeuomba. Nyinyi wa Nairobi hamkusikia ni nani?"

Nilimtazama mama. Nilidhani atalia, au atanitazama mimi nijibu.

"Ni majirani zangu, mama," alisema. "Hawakujui, lakini wanakupenda sana."



"Basi wasalimie," nyanya akasema, akainama kutafuta mahali katikati ya mawe pa kuchungulia ng'ambo.