Wiki Sita za Kuwazoesha Tausi na Jembe

Ng'ombe nawajua. Miaka thelathini nimehasi madume hapa Mollo, nikawafundisha kulima. Ukitaka maksai wawili wazoeane unawatia nira moja, wanasukumana shambani asubuhi nzima, mchana wanakunywa maji pamoja. Basi, hakuna hadithi ndefu. Na kwa ujuzi wangu huo huo nilikaribia kumuulia dada yangu sungura.

Dada Anjela anakaa Mazwi, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu shemeji. Alikuwa mpishi wa shule mpaka akastaafu. Sauti yake ni ya chini, lakini akishaamua jambo, hata paroko hamgeuzi. Alikuwa na sungura wawili, si wa kula, wa kuongea nao, nami nilimcheka sana. Mwezi wa pili mmoja akafa. Yule jike aliyebaki, Tausi, akageukia ukuta. Mchicha akasusa, majani ya viazi akasusa. Dada akawa anampondea majani na maji, anamnywesha kwa bomba la sindano, tone kwa tone, amempakata.

"Dada, si sungura tu huyo?"

"Amemlilia mwenzake wiki nzima, Evaristi. Wewe ulimlilia nani wiki nzima?"



Flavian, daktari wa mifugo, ndiye aliyesema Tausi hatapona bila kupata mwenzake mwingine. Tutafute dume, ila ahasiwe kwanza, la sivyo watazaana mpaka tuhame nyumba. Nikamleta wa kijivu kutoka Ilemba, nikampa jina Jembe.

Siku ya kumhasi nilikwenda na kiburi changu chote. Mimi kuhasi ni koleo, dume linanguruma, anayefuata! Flavian akamchoma sindano ya usingizi, Jembe akalegea mezani. Akapasua mahali padogo kuliko ukucha wangu. Jamani! Kifua kile kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, kiumbe kizima, moyo na mapafu, kimeenea kwenye viganja viwili vya mtu. Miaka yote ile nilikuwa naangalia koleo, sijawahi kumwangalia mnyama. Alipozinduka, Dada akamsogezea jani, naye akatafuna, bado anayumba. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

"Wiki sita wakae mbalimbali," Flavian akasema. "Mbegu bado zimo mwilini. Na wanusane kwanza, mzee wangu, wasikutanishwe ghafla."

Wiki sita! Mimi sina subira, na sijawahi kusema ninayo. Jumapili Dada alipokwenda misani nikawachukua wote wawili, nikawatia kwenye tenga moja. Watasukumana, nikajua, kisha watatulia. Loh! Tausi, yule asiyeweza hata kusimama, aliruka kama cheche. Manyoya yakajaa hewani, sikio la Jembe likachanika. Nilipowatenganisha Tausi alilala kiubavu, anatweta, na bomba lenyewe akalikataa.

Dada aliporudi hakupiga kelele. Aliokota manyoya sakafuni, akayaweka kwenye kanga, akasema, "Akifa huyu, Evaristi, usinipigie hodi tena." Nami namjua, hasemi mara mbili.

Nikabaki Mazwi. Tausi akalikubali bomba siku ya pili, lakini alikonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika kwa kidole. Tukaweka vibanda viwili, katikati wavu wa kuku. Kila asubuhi nilibadilisha nyasi, za Jembe kwa Tausi, za Tausi kwa Jembe, kila mmoja alalie harufu ya mwenzake. Mama Rozina wa jirani akawa ananichungulia ukutani, ananitania kwa kazi yangu ya maksai na plau: "Bwana Plau, leo unatandikia sungura kitanda?" Nikamwambia apite zake.

Wiki ya kwanza Tausi alimngurumia. Ya tatu akaacha kunguruma, ila alimpa mgongo. Ya tano nikamkuta amelala ameegemea wavu, na Jembe ameegemea upande wake, manyoya yanagusana kwenye matundu. Nikamwita Dada kwa mkono, nisiwashtue. 

Wiki sita zilipotimia, siku ya kuwakutanisha, tuliazima stoo ya Mama Rozina, mahali ambapo hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga, asije mmoja akadai ni kwake. Dada akaweka mchicha katikati. Tukakaa sakafuni, mimi na taulo mkononi, tayari kuwatenganisha.

Tausi akapiga mguu chini, pu! Jembe akajilaza, kichwa sakafuni, masikio nyuma. Tausi akamsogelea. Nikanyanyua taulo, Dada akanishika mkono. Tausi akasimama juu yake, muda mrefu, Mungu wangu, muda mrefu kweli. Kisha akainamisha kichwa, akakipenyeza chini ya kidevu cha Jembe, akafumba macho.

Jembe akaanza kumlamba, paji la uso, kisha katikati ya macho, taratibu, na sikio lake lile lenye kovu limemwangukia Tausi shingoni.

Tausi akafumbua jicho moja, akanyoosha shingo, akauma mchicha. Akauma tena. Stoo nzima ikajaa sauti ya kutafuna.

Dada alikuwa analia bila kujifuta. "Anakula," akasema. "Evaristi, anakula mwenyewe."

Nikasema nisameheni, kwa sauti, na hata sasa sijui nilikuwa namwambia nani kati ya wale watatu.