Mto Uliojaa Jua Likiwaka

Nilipokuwa kijana wa Magoudjou, mjini Moroni, niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba nina pua, kuwa mamluki walikuwa na mashine ya kuita mvua. Wazungu wale wenye bunduki walikuwa na mlingoti mrefu kambini kwao. Ikasemwa kwamba wakitaka kupitisha shehena yao bila kuonwa, wanawasha mashine, radi inapiga, mvua inamwagika, sisi sote tunakimbilia ndani. Nilikuwa na cheti cha shule ya usiku, kwa hiyo sikukubali ovyo ovyo, nilifanya uchunguzi. Mara tatu lori lao lilipita, mara tatu mvua ikanyesha, tena mvua ya kuwatia mbuzi uziwi. Kwamba ulikuwa msimu wa kashkazi, majira yetu ya mvua, hilo halikunijia.

Kisha nikaoa Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani. Desturi yetu mume ndiye anayehamia kwa mke, basi nikavuka na sanduku langu na uchunguzi wangu. Kwetu Ngazija hakuna mto hata mmoja. Mvua ikinyesha, mawe ya volkano yanaimeza, nasi tunakimbia kufungua birika kubwa la uani tukinge maji. Huku Mutsamudu mto unapita katikati ya mji, na wanawake wanafulia humo.

Wiki ya pili ya ndoa, mama mkwe alinituma nimsaidie kubeba mabeseni ya nguo hadi mtoni. Shuka za harusi na shiromani zake, nguo nyekundu za kujitanda, zikaanikwa juu ya mawe, katikati kabisa ya mto, maji yenyewe hayafiki kifundo cha mguu. Jua linachoma. Juu tu, kule milimani, wingu limekaa jeusi kama sufuria, likinguruma.

Hapo gari la mamluki likaja, likasimama kabla ya daraja. Halikuvuka. Mzungu mmoja akatazama mlimani, akatazama saa yake. Nikajua papo hapo: wameiwasha mashine!

Mara wanawake wakaanza kukusanya nguo mbio mbio.

"Bwana harusi, toka humo!" mmoja akaniita.

"Mvua iko wapi?" nikamjibu. "Mimi sioni hata tone."

"Huyu wa Ngazija anangoja aletewe barua!"

Wakacheka, lakini huku wanapanda ukingoni. Nami nikazidi kushuku. Bila shaka wanataka tutawanyike ili gari lipite. Safari hii, nikajiapiza, kutakuwa na shahidi. Nikaketi juu ya jiwe, nikakunja mikono, nikawakazia macho wale wazungu.

Mama mkwe alikuwa ameshafika juu salama. Alipogeuka akaniona nimekaa, akatupa beseni, akashuka tena mtoni, mwanamke wa umri ule, mguu wake mmoja mbovu.

"Mama, rudi!" nikasema. "Usiwape nafasi!"

"Nani? Nafasi gani? Simama, mwanangu!"

Maji karibu naye yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, yamebeba majani. Nikasikia mlio kama malori mia yakishuka mlimani. Akateleza, akakaa chini, maji yakamfika kiunoni. Ndipo uchunguzi wote ukanitoka. Nikaruka, nikambeba mgongoni, wanawake wakatuvuta kwa kanga zilizofungwa pamoja. Nikigeuka, jiwe langu halipo. Shiromani mbili zinakimbilia baharini.

Tukakaa ukingoni tunahema, nguo zimetugandama. Gari bado lilikuwa pale pale.

"Mama, umeona?" nikamnong'oneza. "Walijua. Walisimama kabla."

Akakamua upindo wa nguo yake.

"Walisimama kwa sababu dereva wao ni mtoto wa hapa, anaujua mto. Mvua imenyesha mlimani, mwanangu. Ikinyesha kule, maji yanashuka huku, hata kama huku kuna jua. Hakuna aliyeyaleta."